Wanyama Wasio na Uti wa Mgongo, na Darsa Tuliyoipata Nakuru

Mtu akitajiwa wanyama, akili yake humwendea simba, ng'ombe, ngamia, kuku, papa na mfano wa hao. Wote hawa wana sifa moja: ndani ya miili yao mna uti wa mgongo, uliobeba mwili kama boriti zibebavyo dari. Lakini hawa ndio wachache. Wataalamu wa elimu ya wanyama wamezihesabu aina zijulikanazo, wakaona kwamba katika kila aina 100 za wanyama, zaidi ya 95 hazina uti wa mgongo. Wadudu peke yao, zile aina zilizokwisha kupewa majina, zakaribia 1,000,000. Basi sisi tujivuniao mifupa yetu tu wageni katika nyumba ya watu wengine.

Na jambo la kusikitisha ni kuwa hatuwajui. Twawaita wote kwa neno moja, "dudu", na neno hilo tumelifanya tusi. Akionekana mmoja, twanyanyua kiatu. Wakionekana wengi, twatuma mtoto dukani alete sumu. Leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya viumbe hawa, wepi ni adui, wepi ni watumishi, na ni khasara gani humpata asiyewatenga. Hatusemi haya kwa kujiona wajuzi. Twaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Kosa letu

Miaka kadhaa iliyopita, katika uwa wa madrasa tuliyokuwa tukisomesha, palikuwa na birika kuukuu la maji ya mvua, yasiyotumiwa kwa kunywa wala kwa udhu, ila kumwagilia miti. Wanafunzi walituletea mashtaka kwamba maji yale yamejaa dudu. Tukaenda kutazama. Kweli mlikuwa na viluwiluwi vya mbu vichache, lakini zaidi mlikuwa na wadudu weusi waogeleao kichalichali, na wengine wa rangi ya matope watambaao chini, wenye macho makubwa. Wote kwetu walikuwa sawa. Tukaamuru itiwe sumu.

Siku ya pili maji yalikuwa safi kama kioo, nasi tukafurahi. Haukupita mwezi, mbu wakawa wengi mara nyingi kuliko kwanza. Watoto waliokuwa wakilala madrasani wakashikwa na homa, na mmoja wao homa ilimzidi hata tukamkhofia. Alipona, na shukrani ni za Mwenyezi Mungu. Tulidhani sumu ile ilikuwa mbovu. Kumbe sumu ilikuwa nzuri mno, na ubovu ulikuwa wetu. Hatukuijua sababu mpaka tulipokwenda Nakuru.

Ni nani hawa?

Kabla ya kufika Nakuru, yafaa tuwapange viumbe hawa kwa makundi, maana elimu huanza kwa kupambanua.

Kwanza ni wadudu khasa, wenye miguu sita na mwili wa sehemu tatu: nzi, mbu, nyuki, chungu, mchwa, nzige, vipepeo na madundu. Pili ni wenye miguu minane: buibui, nge, kupe na utitiri. Tatu ni wenye gamba gumu, ambao wengi wao ni watu wa maji: kamba, kaa na kambakoche. Nne ni jongoo na tandu. Tano ni wenye mwili laini, wengine wamejengewa nyumba za simbi na wengine hawana: konokono, chaza, kauri, ngisi na pweza. Sita ni minyoo, wa ardhini na wa matumboni. Saba ni kundi la bahari tulijualo sisi kuliko watu wa bara: matumbawe, yavuyavu, kiti cha pweza na jongoo wa pwani.

Mwenye kuuliza: mwili usio na mifupa husimamaje? Jawabu ni kuwa wadudu, kamba na kaa wamevaa mifupa yao nje kama mtu avaavyo deraya. Mwili ukikua, deraya hubana. Basi hulipasua, wakatoka na ngozi laini, kisha hiyo ikakauka ikawa deraya jipya. Minyoo husimamishwa na maji yaliyojaa ndani ya miili yao, kama kiriba kilichojazwa. Ama pweza, yeye ni nyama tupu, na kila mvuvi wa Lamu na Vanga ajua nguvu za nyama ile.

Ziwa la Nakuru

Nakuru ni mji wa Bonde la Ufa, ulio juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,850. Reli iliyotoka Mombasa ilifika huko mwaka 1900, na tarehe 1 Disemba 2021 mji ukapewa daraja ya jiji. Ndugu zetu Waislamu wa huko walitualika, na baada ya darsa mmoja wao, mwalimu wa skuli asomeshaye elimu ya viumbe, alituchukua kwenda kuliona ziwa.

Ziwa hili lina jambo la ajabu. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia, wala hapana mto utokao. Maji huondoka kwa njia moja tu, nayo ni kukaushwa na jua. Chumvi na magadi vikabaki. Samaki wa mito ya kawaida hawawezi kukaa katika maji ya namna hiyo. Na juu ya hayo, kwa miaka mingi ziwa hili limejulikana duniani kwa ndege mmoja, naye ni heroe, ambaye katika miaka ya neema alifunika ukingo wake kwa rangi ya waridi. Mwaka 1968 ziwa lilitiwa katika hifadhi ya taifa, na mwaka 2011, pamoja na maziwa ya Bogoria na Elementaita, likaandikwa katika urithi wa dunia.

Tulimwuliza mwalimu: "Heroe hawa hula nini, ikiwa maji ni magadi?" Akachota maji katika gilasi akatupa. Tuliona ukijani tu, na ndani yake vitu vidogo virukavyo rukavyo kama vumbi lililotiwa roho. Akatueleza kwamba heroe wako wa namna mbili. Yule mdogo hula ule ukijani, ambao ni mfano wa mwani mdogo usioonekana kwa jicho tupu. Yule mkubwa hupindua kichwa, mdomo wake ukawa juu chini, akachuja matope kama mwanamke achujavyo tui; na akipatacho ni wanyama wasio na uti: mabuu ya usubi yakaayo matopeni, jamaa za kamba walio wadogo kuliko chembe ya mchele, na wadudu wa maji.

Katika miaka ya 1970 mtaalamu Ekkehard Vareschi alilichunguza ziwa hili kwa muda mrefu, akapima kila kiishicho ndani yake. Ilidhihirika kwamba aina za viumbe wake ni chache mno, kwa kuwa ni wachache wawezao kuvumilia magadi. Lakini wale wachache huzaana kwa idadi isiyohesabika. Wamo vidudu vyenye duara la nywele kichwani, lizungukalo kama gurudumu, vikajivutia chakula. Ziwa likikauka, kama lilivyokaribia kukauka miaka fulani, vidudu hivi huacha mayai yenye ganda gumu katika matope. Mvua zikirudi, mayai huanguliwa, na meza ya ndege ikatandikwa upya. Basi kumbe ule utukufu wote wa rangi ya waridi, uliowavuta watu kutoka pembe zote za dunia, umebebwa na viumbe ambao mtu huweza kuwanywa mia katika gilasi moja asiwahisi.

Na tangu kiasi cha mwaka 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana. Ziwa la Nakuru likafurika, likameza lango kuu la hifadhi, na chumvi yake ikapungua kwa wingi wa maji. Ule ukijani na vidudu vya magadi vikabadilika, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Watu waliwatazama ndege wakasema wamekimbia. Lakini khabari ilianza chini, kwa wadogo, kabla ya kufika juu kwa wakubwa. Hii ni kawaida ya mambo: mwenye kutaka kujua mwisho wa wakubwa na atazame hali ya wadogo.

Khabari ya mbu na mwari

Mwalimu akatupa khabari nyingine iliyotuchoma moyo, kwa kuwa ilikuwa khabari yetu. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, walioshughulika na afya walileta samaki wadogo kutoka Ziwa Magadi, aina ya ngege wavumiliao maji makali, wakawatia katika Ziwa la Nakuru ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki wale wakasitawi. Lakini chakula chao kikuu kilikuwa ule ukijani, na walipokuwa wengi walikuja wageni ambao hawakualikwa: mwari, mnandi na ndege wengine walao samaki. Mwari wakawa wakijenga viota vyao katika visiwa vya Elementaita, kisha wakaruka kuja Nakuru kuvua. Ziwa ambalo halikuwa na samaki hata mmoja likawa bahari ya wavuvi wenye mabawa.

Tazameni mnyororo huu: mbu akaleta samaki, samaki akaleta mwari. Mtu alitaka jambo moja, yakaja kumi. Hatusemi kwamba ilikuwa vibaya au vizuri. Twasema kwamba aguseye mdogo mmoja katika viumbe hawa hujua anapoanzia, wala hajui atakapoishia.

Hapo tulimsimulia lile birika letu. Mwalimu alicheka kwa adabu, kisha akasema: "Sheikh, wale weusi waogeleao kichalichali walikuwa wakila viluwiluwi. Na wale wenye macho makubwa walikuwa watoto wa kereng'ende, nao hawana chakula wakipendacho kama viluwiluwi. Ulikuwa na askari wa kulinda birika, ukawaua pamoja na wezi. Mbu katika maji ya joto hutoka yai akawa na mabawa kwa siku kama kumi. Kereng'ende huhitaji miezi. Sumu ilipoisha nguvu, wezi walirudi mbele ya askari." Tulinyamaza. Hatukuwa na la kujibu.

Naivasha: mgeni alaye na mgeni atumikaye

Katika jimbo hilo hilo la Nakuru liko Ziwa la Naivasha, ambalo maji yake ni baridi matamu. Mwaka 1970 uliletwa humo kamba mwekundu wa maji baridi, mwenye asili ya Marekani, akitokea Uganda. Nia ilikuwa biashara na chakula, na kweli katika miaka ile ya 1970 aliuzwa hata Ulaya. Lakini kamba huyu ni mlafi. Alikula majani yaotayo chini ya maji na yungiyungi zielekeazo juu, na kufika mwanzo wa miaka ya 1980 majani yale yalikuwa karibu yamekwisha, na ndege na samaki waliotegemea majani hayo wakapata dhiki. Baadaye kamba mwenyewe alipungua, majani yakarudi kidogo, naye akarudi tena. Ukawa mchezo wa kupanda na kushuka.

Lakini kamba huyu huyu hula konokono, na konokono fulani wa maji baridi ndio wachukuao kichocho, maradhi tuyajuayo sana sisi watu wa pwani. Wataalamu wa Kenya walijaribu kumtia katika mabwawa fulani, wakaona konokono wakipungua na watoto wa skuli wakiambukizwa kichocho kwa uchache. Basi je, kamba huyu ni adui au rafiki? Jawabu ni kwamba swali limekosewa. Mnyama hana cheo cha milele. Cheo chake ni kwa mahali alipo, idadi yake na kazi aifanyayo.

Na kinyume cha kamba, wako wageni walioletwa kwa uangalifu wakafaa. Katika ziwa hilo hilo kulikuwa na gugu lielealo, asili yake Amerika ya Kusini, lililofunika maji hata mashua zikashindwa kupita. Katika miaka ya 1990 aliletwa fukusi mdogo sana, asili yake huko huko kwao gugu, ambaye hali kingine ila gugu hilo. Akalila, likapungua hata halikuwa tena balaa. Na leo katika mashamba ya maua ya Naivasha, wakulima huwafuga utitiri walao utitiri wenzao, wakawamwaga juu ya waridi, ili wapunguze kunyunyiza sumu. Mkulima wa biashara kubwa, ahesabuye kila senti, ameona kwamba askari hai ni rahisi kuliko sumu ya dukani. Je, sisi tusihesabu?

Maadui wa kweli

Asidhani msomaji kwamba twasema wote waachwe. Hapana. Mbu aina ya anofelesi huchukua malaria, na jambo hili lilithibitishwa na Ronald Ross huko India mwaka 1897. Mbu pia huchukua mnyoo mwembamba aletaye matende. Wazee wetu walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Nasi twaongeza kwamba mdharau mbu naye humpata lilo hilo, na mara hii si kwa mfano bali kwa hakika.

Kupe naye huwapa ng'ombe wa Bonde la Ufa homa iitwayo kwa jina la pwani yetu, kwa kuwa iliposhika kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne ya 20 ilidhaniwa imekwenda na ng'ombe waliotoka pwani hii. Mfugaji wa Molo au Njoro asiyepeleka ng'ombe wake joshoni huweza kumpoteza ng'ombe wa maziwa kwa siku chache. Mwisho wa mwaka 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya kwa mawingu makubwa yasiyoonekana kwa miaka 70. Na mwaka 2017 ilithibitika kwamba viwavi jeshi wenye asili ya Amerika wameingia nchini, nao wakayashambulia mahindi.

Hawa hupigwa vita, na Nakuru yenyewe ina silaha mashuhuri. Katika vilima vya jimbo hilo hulimwa ua jeupe la pareto, na kiwanda chake kiko Nakuru. Kwa miongo mingi Kenya ilikuwa ya kwanza duniani kwa zao hili. Ua hukaushwa, likasagwa, na dawa yake hushika mishipa ya fahamu ya mdudu akaanguka papo hapo. Fadhila yake ni kuwa huvunjika upesi kwa jua, haikai ardhini miaka na miaka. Lakini hata pareto haina macho: humwua nyuki kama imwuavyo mbu, na ikiingia majini huwaua samaki. Kwa hivyo mkulima mwenye akili hunyunyiza jioni, nyuki wakiwa wamekwisha kurudi mizingani.

Watumishi wasiolipwa

Tukirudi kwa watumishi, hatuwezi kuwamaliza. Twataja watatu tu.

Wa kwanza ni wafanyakazi wa ardhini: nyungunyungu, mchwa na madundu wasukumao mavi. Nyungunyungu hula majani yaliyooza akayatoa udongo mzuri, na njia zake hupitisha maji na hewa. Ama dundu wa mavi, kisa chake kimo Australia. Walowezi wa huko walipeleka ng'ombe katika nchi isiyokuwa nao, na madundu wa huko hawakuzoea mavi ya ng'ombe. Mavi yakakauka juu ya malisho, nyasi zikafa, nzi wakazaana. Ilibidi serikali ya huko, kuanzia miaka ya 1960, iagize madundu kutoka nchi nyingine, na wengi walitoka Afrika. Nchi tajiri ilikuja kuazima wafagizi kwetu, nasi twawakanyaga njiani.

Wa pili ni nyuki. Magharibi ya Nakuru uko msitu wa Mau, ambao Waogiek wametundika mizinga yao katika miti yake tangu zama za mababu. Msitu huo ndio utoao Mto Njoro na Makalia. Nyuki huchukua unga wa ua hili akaupeleka kwa ua lile, na bila ya hivyo miti mingi haizai mbegu. Basi nyuki hujenga msitu, msitu huleta mto, mto hulisha ziwa. Mwaka 2016 wataalamu wa mataifa walitoa khabari kwamba robo tatu ya aina za mazao makuu ya chakula duniani hupata faida kutokana na viumbe wachukuao unga wa maua. Mahindi na ngano huchukuliwa unga wao na upepo au hujitosheleza. Lakini matikiti, maboga, korosho na maembe yetu huwahitaji wadudu. Husemwa fuata nyuki ule asali. Sisi twasema: hata asiyeonja asali maishani mwake, amekula mkononi mwa nyuki.

Wa tatu tumemwacha kwa makusudi mpaka tufike nyumbani.

Huku kwetu pwani

Nyumba zetu za mawe za Lamu na Mombasa, Gede iliyobaki magofu, na Ngome ya Yesu iliyojengwa na Wareno tangu mwaka 1593, zote ni za mawe ya matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa. Na tumbawe si jiwe asili yake. Ni kazi ya wanyama wadogo laini, waliojijengea nyumba moja juu ya nyingine maelfu ya miaka. Miamba yao ndiyo ivunjayo mawimbi yasile ufuo wetu, na ndiyo makao ya samaki. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakawa meupe yakafa. Basi sisi tusemao "dudu" kwa dharau, twasema hayo tukiwa ndani ya nyumba tulizojengewa nao.

Ama yule mtumishi wa tatu, ni chungu wa maji moto. Kila mwenye mnazi au mwembe amjua: mwekundu, mkali, hushona majani akafanya kiota. Mwangushi wa nazi humlaani kila apandapo, na wengine humchoma moto au humpiga dawa. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Michael Way alichunguza minazi ya Unguja iliyokuwa ikipukutisha vidaka kabla ya wakati. Alimwona mdudu mwembamba afyonzaye vidaka vichanga. Na aliona pia kwamba minazi iliyokaliwa na maji moto ilisalimika, kwa kuwa chungu hawa humfukuza mdudu yule. Maji moto akiondoka, au akifukuzwa na chungu mwingine wa ardhini mwenye kichwa kikubwa, vidaka hupukutika. Basi mwenye shamba achomaye viota vya maji moto kwa sababu ya kuumwa siku moja, huenda analipa kwa nazi zake za mwaka mzima.

Sharia yasemaje?

Jambo hili si geni katika dini yetu. Katika Qurani Tukufu ziko sura zilizoitwa kwa majina ya hawa: Nyuki, Chungu na Buibui. Katika Hadithi imepokewa makatazo ya kuwaua chungu na nyuki, na imepokewa pia ruhusa ya kumwua nge, hata mahali patakatifu, kwa kuwa anadhuru. Kwa hivyo kumtenga mwenye madhara na asiye na madhara ni mafunzo ya dini kabla ya kuwa mafunzo ya skuli.

Na imepokewa katika Hadithi sahihi khabari ya Mtume mmoja katika Mitume waliotangulia, aliyeumwa na chungu mmoja, akaamuru kijiji chao chote kichomwe. Naye akalaumiwa na Mola wake kwa kuuteketeza umma mzima kwa kosa la mmoja. Tulipoikumbuka khabari hii kando ya Ziwa la Nakuru, tulilikumbuka birika letu, tukaona haya. Tuliisoma mara nyingi, tukaisomesha, wala hatukuitumia.

Maulamaa wetu wa zamani hawakuona aibu kuwatazama viumbe hawa. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya tatu ya Hijra, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, na akawapa nafasi nzi, chungu na nge. Ad-Damiri wa Misri naye alifuata njia hiyo baada ya karne tano. Leo mwana wetu akileta mdudu katika chupa, humwambia atupe uchafu. Kisha twashangaa kwa nini elimu imetuhama!

Yatupasa nini?

Kwanza, tumjue adui kwa jina lake kabla ya kumpiga. Mwenye kukhofu malaria na alale ndani ya chandarua chenye dawa, afunike mapipa, amwage maji yaliyosimama katika makopo na matairi. Hayo humlenga mbu khasa.

Pili, sumu iwe dawa ya mwisho, si ya kwanza. Itiwe pale penye adui, kwa kiasi kilichoandikwa, wala isimwagwe kisimani, mtoni, wala juu ya maua wakati wa mchana.

Tatu, wenye minazi, miembe na mikorosho wawaache maji moto juu ya miti. Mwangushi na ajipake majivu, au apande alfajiri chungu wakiwa wamepoa.

Nne, wavuvi na wapishi wa chokaa wayahurumie matumbawe yaliyo hai. Nyumba ijengwayo kwa kuvunja ukuta wa bahari, bahari huja kuidai.

Tano, na hili ndilo kubwa, tuwafunze watoto wetu kutazama. Mwalimu wa madrasa hatapungukiwa na heshima akiwatoa wanafunzi uwani saa moja kwa wiki, wakamtazama chungu abebavyo chakula, na buibui atandavyo.

Ama lile birika, tuliporudi tulilisafisha wenyewe, tukafunika upande mmoja kwa wavu, na upande wa pili tukauacha wazi tukilichunga. Mwaka wa pili kereng'ende walirudi wakataga. Wanafunzi wale wale waliotuletea mashtaka sasa ndio walinzi wao, na mgeni akija humwonyesha wale wenye macho makubwa, wakamwambia: "Hawa ni askari wetu." Wametutangulia katika kufahamu, na mwalimu hufurahi anapotanguliwa na wanafunzi wake.